Nani Atachukua Beseni?

Soma kwa ajili ya somo hili: Marko 10:35–45, Luka 22:24–27, Yohana 13:1–17, Matendo 9:36–42, Wafilipi 2:3–8, 3 Yohana 9, 10.

Umati umeelekea wapi?

Kisesa ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Musoma, mashariki ya jiji la Mwanza, katika Wilaya ya Magu. Karibu nao kuna Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, na kila mwaka mwezi Juni watu hufurika huko kwa sherehe ya Bulabo. Wanaoshindana uwanjani ni wafuasi wa jamii mbili za ngoma zenye historia ndefu, Bagika na Bagalu. Mapokeo yanasema jamii hizo zilitokana na wachezaji wawili waliokuwa pia waganga, Ngika na Gumha, walioshindana ili ijulikane nani kati yao ni mkuu.

Katika mashindano ya aina hiyo makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na kwa desturi mshindi hutambuliwa kwa jambo moja tu: umati umeelekea wapi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta njia ya kuwafanya watazamaji wahame upande wa pili. Wengine huleta vichekesho, wengine nyoka au fisi, na tangu zamani wapo wanaotegemea dawa za mvuto.

Hoja ya somo hili si ngoma. Wachezaji wa Bujora angalau hawafichi wanachokitafuta. Kila aliyepo anaijua kanuni ya uwanja. Hatari ipo pale kanuni hiyohiyo inapoingia kanisani bila kutangazwa, na thamani ya mtumishi ikaanza kupimwa kwa macho yanayomtazama. Hapo swali la Ngika na Gumha linakuwa swali la wazee wa kanisa, mashemasi, viongozi wa kwaya na walimu wa Shule ya Sabato: nani ni mkubwa?

Swali hilo liliulizwa hata na wanafunzi wa Yesu. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, waliomba viti viwili, mmoja mkono wa kuume na mwingine mkono wa kushoto. Wale kumi waliposikia walikasirika. Hasira yao haikuwa ya watu wanyenyekevu waliochukizwa na kiburi. Ilikuwa ya watu waliowahiwa. Jibu la Yesu katika Marko 10:42–45 linastahili kusomwa polepole. Hakusema ni dhambi kutaka kuwa mkubwa. Alibadilisha kipimo. Watawala wa mataifa hupimwa kwa idadi ya watu walio chini yao. Katika ufalme wake mtu hupimwa kwa idadi ya watu anaowatumikia.

Miguu ya wenzao

Luka anaeleza jambo la kusikitisha: mashindano hayo yalirudi tena kwenye meza ya mwisho, usiku uleule wa kusalitiwa (Luka 22:24). Ellen White, katika kitabu cha *Tumaini la Vizazi Vyote*, anakumbusha kwamba vifaa vyote vilikuwapo chumbani: mtungi wa maji, bakuli na kitambaa. Kilichokosekana ni mtumwa wa kuvitumia, na hakuna mwanafunzi aliyekubali kuichukua nafasi yake.

Kwa nini hawakusimama? Si kwa sababu walikuwa wavivu. Wavuvi waliozoea kukokota nyavu usiku kucha hawaogopi bakuli la maji. Wala si kwa sababu hawakumpenda Bwana wao. Yamkini kila mmoja angekubali kwa furaha kumtawadha Yesu miguu, na hata kuiona kuwa heshima. Tatizo halikuwa miguu ya Bwana. Tatizo lilikuwa miguu ya wenzao. Anayelichukua bakuli kwa ajili ya Yesu hawezi kuliweka chini baada ya miguu miwili; itambidi aendelee kwa Andrea, kwa Tomaso, kwa wale ndugu wawili walioomba viti, na hata kwa Yuda. Na akifanya hivyo, atakuwa amelijibu lile swali la nani ni mkubwa kwa njia ambayo hakuitaka.

Hapo ndipo unyenyekevu wa wengi unapokwama mpaka leo. Ni rahisi kuimba kwamba mtu si kitu mbele za Mungu. Ni vigumu kuwa si kitu mbele ya jirani ambaye shamba lake linapakana na lako.

Yohana 13:3, 4 inaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Yesu alisimama mezani akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Hakulichukua bakuli kwa sababu alijidharau, bali kwa sababu alijijua. Mtu asiyejua thamani yake huililia kwa watu, na kila kazi ya chini humwonekea kama tusi. Aliye na uhakika wa nafasi yake mbele za Baba anaweza kupiga magoti bila kupungukiwa na kitu. Usukumani, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Ziwa, mdogo ndiye anayepiga goti kumsalimu mkubwa. Usiku ule goti lilipigwa na Mkubwa.

Vyumba visivyo na umati

Kisesa ina historia nyingine, isiyo na ngoma. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Haikuchukua miaka mingi ugonjwa huo ukafika Mwanza na kwenye vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara kuu. Tangu 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, wamefuatilia mwenendo wa VVU miongoni mwa wakazi wa Kata ya Kisesa, kaya kwa kaya. Lakini yapo mambo ambayo madaftari ya watafiti hayawezi kuyaandika yote.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwishoni mwa 2004. Kabla ya hapo familia nyingi zilimpeleka mgonjwa hospitali, zikarudi naye nyumbani, zikamuuguza mpaka mwisho. Mtu aliyelala kitandani kwa miezi anahitaji kugeuzwa asipate vidonda vya mgongo. Anahitaji kusafishwa kinywa, kunyweshwa uji kwa kijiko, kubadilishiwa shuka mara tatu au nne kwa usiku mmoja anapoharisha. Shuka hizo zinafuliwa kwa maji yaliyotekwa kwa ndoo. Yote hayo yalifanyika katika vyumba ambavyo majirani wengine waliogopa hata kuvuka kizingiti chake. Humo hapakuwa na umati, wala aliyehama upande wa pili kuja kutazama.

Waliolishika beseni walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake: mama, mke, dada, binti, na bibi ambaye baada ya kuwazika watoto wake alibaki kuwalea wajukuu. Wachache kati yao walikuwa na cheo chochote kanisani.

Hapa swali gumu linajitokeza, na darasa lisilikwepe. Je, ni haki kuuita utumishi wa namna hiyo unyenyekevu? Wanawake hao hawakushuka kutoka kwenye kiti. Hawakuwa na kiti. Walibeba mzigo kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuubeba. Kumhubiria mtu wa namna hiyo ajishushe zaidi ni kumwongezea jiwe juu ya kuni alizokwisha kujitwika. Na kanisa linalomsifu mama aliyeuguza peke yake miaka miwili, kisha waumini wakaondoka kwenda majumbani, linatumia sifa kufunika kutokuwepo kwake.

Tukio la Yohana 13 linalijibu swali hilo kwa utaratibu wake. Yesu hakumwagiza mwanafunzi mdogo kuliko wote achukue bakuli. Hakutuma aitwe mtumwa kutoka nyumba ya jirani. Aliyeondoka mezani ndiye aliyekuwa na haki ya kukaa. Kisha akasema, kwa maana ya fungu la 14, kwamba ikiwa yeye aliye Bwana na Mwalimu amefanya hivyo, nao wanapaswa kufanyiana hivyo. Wafilipi 2:6–8 inafuata njia hiyohiyo: aliyekuwa sawa na Mungu ndiye aliyetwaa namna ya mtumwa. Unyenyekevu wa Kikristo huanzia juu na kushuka. Mtu anaweza kuutenda. Akianza kuwaagiza walio chini yake wautende, umegeuka kuwa amri.

Kwa hiyo mzee wa kanisa hana haja ya kuanza kwa kuuliza kama waumini wake ni wanyenyekevu. Swali lake la kwanza ni kama yeye amelishika beseni. Na kwa yule mama aliye chumbani, Injili haina agizo la kutambaa chini zaidi. Ina habari njema: kazi anayoifanya ndiyo aliyoichagua Mwana wa Mungu. Kazi iliyoshikwa na mikono hiyo haiwezi tena kuitwa ya aibu, na wala haiwezi kuachwa kuwa ya mama huyo peke yake.

Miguu iliyokwisha kuoshwa

Kila robo waumini wa Kiadventista hujiandaa kwa Meza ya Bwana kwa huduma ya unyenyekevu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, wanatawadhana miguu wawili wawili. Ukweli ni kwamba miguu mingi imeoshwa nyumbani asubuhi ile. Rafiki humtafuta rafiki, na maji humwagwa yakiwa karibu masafi kama yalivyomiminwa.

Hilo halibatilishi huduma hiyo, kwa maana ni ishara iliyowekwa na Bwana mwenyewe. Lakini ishara huelekeza mahali. Beseni la Sabato asubuhi linaelekeza kwa ndugu ambaye mwumini hajasemezana naye tangu mgogoro wa kiwanja, na kwa mshiriki ambaye hakuonekana ibadani kwa sababu hawezi tena kutoka kitandani. Huduma ya unyenyekevu inayoishia kwenye lango la kanisa imeosha miguu tu.

Mwisho wa mwaka huja kipimo kingine, pale kamati ya uchaguzi inapokamilisha kazi na majina kusomwa. Paulo anasema katika 1 Timotheo 3:1 kwamba anayetaka kazi ya uangalizi anatamani kazi njema. Kutamani kutumika si kosa. Lakini Yohana anamtaja Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza na kuwafukuza waliompinga. Tofauti ya watu hao wawili haionekani siku jina linaposomwa. Inaonekana siku jina lisiposomwa. Aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa akiwa mzee wa kanisa, je, anaendelea akiwa mshiriki wa kawaida? Kazi ikikoma pale cheo kinapoondoka, basi kilichokuwa kikitumikiwa kilikuwa cheo.

Wala kukwepa cheo si dawa. Yupo anayekataa nafasi akisema hastahili, huku akingoja abembelezwe. Yapo makundi yanayopeleka sabuni na sukari hospitali, na picha za mgonjwa zinasambaa kwenye simu kabla mgonjwa hajaifungua sabuni. Huo ni uwanja uleule wa umati, umehamishiwa wodini. Yesu aliamuru nuru iangaze mbele ya watu (Mathayo 5:16), na pia alikataza kutenda wema ili kutazamwa (Mathayo 6:1–4). Mafungu hayo hayapingani. La kwanza linataka Baba atukuzwe. La pili linamkataza mtu kuuchukua utukufu huo njiani.

Dorkasi wa Yafa anaonyesha jinsi nuru hiyo inavyoangaza. Alipokufa, Luka hakutaja cheo chake wala idadi ya waombolezaji. Anasema tu kwamba alikuwa mwanafunzi aliyejaa matendo mema, na kwamba wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Ushahidi wa maisha yake ulikuwa mikononi mwa watu ambao wasingeweza kumlipa.

Leo, kwa neema ya Mungu na kwa sababu ya dawa, wengi wanaoishi na VVU hulima, hufanya biashara na kulea watoto wao. Lakini vyumba vile havijaisha. Yupo mzee aliyepooza kwa kiharusi, yupo mwenye saratani, yupo bibi aliyesahau majina ya wanawe. Nyuma ya mlango yupo anayemwuguza, naye amechoka. Mara nyingi kanisa hufika, huomba, husema pole na kuondoka. Siku moja kabla ya Sabato, mwenye cheo na afike mlangoni hapo, akunje mikono ya shati, na baada ya maombi aulize beseni liko wapi.

Maswali ya kujadili

1. Katika Marko 10:41, kwa nini wale kumi walikasirika? Ni wakati gani kuchukizwa na kiburi cha mwingine kunaweza kuwa kiburi?

2. Katika kanisa lenu, ni nani anayemwuguza mgonjwa peke yake kwa sasa? Taja kazi moja mahususi ambayo darasa linaweza kuichukua juma hili, na nani ataifanya siku gani.

3. Mtu aliyezoea kudharauliwa afundishweje juu ya unyenyekevu bila kuongezewa mzigo? Yohana 13:3 inasaidiaje?

4. Fikiri juu ya wajibu ulio nao kanisani. Ungeondolewa leo, ni sehemu gani ya kazi yako ambayo ungeendelea kuifanya?