Barabara Iliyoharibiwa na Lami

"Walituharibia ile barabara ya Moyale walipoweka lami."

Mwenye maneno haya alikuwa kando yangu kwenye kituo cha petroli pale Nanyuki, koti la kinga limefungwa hadi kooni, akijaza tangi la pikipiki ndefu yenye masanduku ya aluminiamu kila upande. Si mtu mbaya. Dakika tano kabla alikuwa ameniazima kipima-presha chake bila hata kuniuliza jina. Akanisimulia safari yake ya zamani: mawe, mchanga, siku mbili nzima kati ya Isiolo na Marsabit, shoki ikapasuka, wakalala porini wakihesabu nyota. Kisha akaitazama nduthi yangu, aina ya zile za lami tupu, akatabasamu. "Sasa hata hii yako inafika. Probox inafika. Raha iliisha."

Nilicheka pamoja naye. Makala hii imetoka kwenye kicheko hicho, maana tangu siku ile kimekataa kunitoka.

Wacha kwanza nieleze mtu anayelipwa kwa makala alifikaje kwenye pampu na pikipiki ya cc 1,300. Mjomba wangu alihamia Canada kuishi na binti yake. Wenzake walikuwa wakinunua ploti, yeye akanunua nduthi. Aliacha mbili chini ya turubai huko Kahawa West: Yamaha FJR1300 ya 2008 na BMW R1200GS ya 2010. "Kaa nazo mwaka mmoja," aliniambia tukimsindikiza JKIA. "Moja ni yako. Nyingine uza, unitumie pesa. Lakini usichague kwa macho."

Kwa hivyo kwa mwaka mmoja nilikuwa tajiri wa ajabu: ploti sina, kodi nachelewesha, lakini nina mashine mbili ambazo tairi moja la nyuma linakula malipo ya makala mbili.

FJR ni ya ukoo wa mbio na safari ndefu katika mwili mmoja. Silinda nne, shafti badala ya cheni, tangi la lita 25, kioo cha mbele kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza swichi. Uzito wake ni karibu kilo 290. Ukiijaza Nanyuki, unafika Marsabit bila kutafuta pampu nyingine. Kwenye lami nzuri huhisi kama unaendesha. Unakaa tu, upepo unapita juu ya helmeti, dunia inakuja yenyewe. Lakini iingize kwenye msongamano wa Thika Road saa kumi na mbili jioni, joto la injini litakukaanga mapaja kama mandazi. Matuta ya mtaani kwetu, yale wakazi hujenga wenyewe bila kuweka alama, huikwaruza tumbo. Na mita mia mbili za changarawe zinatosha kukukumbusha sala zote ulizofundishwa utotoni.

GS ni ya ukoo wa pili, ule wanaouita adventure. BMW walitoa mama wa ukoo huo mwaka 1980, R80 G/S, herufi mbili zinazosimama badala ya maneno ya Kijerumani ya nyika na barabara. Mwaka uliofuata ilishinda mbio za Paris–Dakar. Yangu ilikuwa na silinda mbili zilizotokeza pembeni kama viwiko, gurudumu la mbele la inchi 19, na kiti kilicho sentimita 85 kutoka chini. Mimi ni futi tano na inchi sita. Kwenye taa nyekundu nilisimama kwa vidole kama mtu anayechungulia ua la jirani. Lakini matuta haiyajui. Mashimo haiyajui. Unakaa wima, unaona juu ya paa za magari, na hata askari wa trafiki anakuita mkubwa.

Ukiniuliza kama mmiliki, jibu ni la hesabu. Katika kila kilomita 100 nilizoendesha mwaka ule, labda tatu hazikuwa na lami. Hizo 97 FJR ilishinda bila kutoa jasho. Lakini nani hununua nduthi kubwa kwa hesabu? GS inauza uwezekano. Hata ikiwa imeegeshwa nje ya mkahawa Westlands, imeng'ara, haijawahi kuona tope, bado inasema: ningetaka, ningeenda. Wengi wetu tunalipia hilo "ningetaka" pesa nyingi kuliko tunavyolipia safari yoyote.

Neno adventure lenyewe linanisumbua. Sijapata neno moja la Kiswahili linalolitosheleza. Tuna safari. Tuna matembezi. Halafu tuna mikasa, masaibu, taabu, kuhangaika. Upande mmoja raha, upande mwingine shida, na katikati hakuna neno la shida ambayo mtu ameiendea kwa hiari, kama raha. Nilidhani ni upungufu wa lugha. Siku hizi nadhani lugha ilikuwa inanionya.

Miezi mitatu baada ya Nanyuki niliipeleka GS kaskazini. Lami mpaka Marsabit, halafu nikashika njia ya Maikona inayoshuka kuelekea jangwa la Chalbi. Mawe meusi ya volkano, kisha vumbi laini kama unga wa ngano. Nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni gurudumu la mbele lilipozama. Nikaanguka kushoto, polepole, kama mtu anayelala. Sikuumia. Lakini karibu kilo 230 zimelala vumbini na wewe uko peke yako, utajua hujui. Nilijaribu kuinua mara nne. Mara ya nne nikakaa chini, nikaanza kunywa maji kidogo kidogo.

Baada ya kama nusu saa ilitokea boda. Boxer ya cc 150, tairi la nyuma limeisha hadi linang'aa, dereva kwa kandambili. Nyuma yake mama, mtoto amefungwa kwa leso, na mfuko wa nguo kwenye mapaja.

"Pole bro. Uko sawa?"

Alishuka, akanionyesha wapi pa kushika, tukahesabu tatu, GS ikasimama. Mama alisimama pembeni akimfunika mtoto uso asipate vumbi. Nikashukuru kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

"Unaenda wapi?" kijana akauliza.

"Natembea tu."

"Unatembea? Huku?" Hakuwa na kejeli. Alikuwa anauliza kwa kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba wageni fulani hula udongo. Kisha akasema, "Sisi tunaenda hospitali Marsabit. Mtoto amechemka tangu jana."

Alikuwa amesimama dakika kumi kuinua chuma changu, na mtoto anachemka mgongoni mwa mamake.

Wazo la kwanza lilikuwa niwabebe mimi. Nduthi yangu ilikuwa na injini kubwa karibu mara nane kuliko yake, kiti kipana, breki za maana. Halafu nikajua siwezi. Ningewaangusha kabla ya kilomita tano. Mashine iliyotengenezwa kufika popote haikuwa na uwezo wa kumfikisha mtoto mmoja hospitalini, kwa sababu mwenye kuiendesha alikuwa mtalii. Boxer iliweza. Nilitoa pesa, akachukua za mafuta tu, na kabla ya kuwasha akasema, "Nyinyi huja sana wakati wa kiangazi." Wakaondoka. Sikuwauliza majina. Sijui mtoto aliamkaje.

Nimeirudia saa ile mara nyingi. Njia ilikuwa moja, vumbi moja, jua moja. Mbona yangu iwe adventure na yao iwe masaibu? Si ugumu, maana wao walikuwa na ugumu zaidi. Si hatari, maana mimi nilivaa kinga kutoka kichwani hadi vidoleni na mtoto alivaa leso. Tofauti ni kwamba mimi ningeweza kugeuza. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye ngama ya kurejea anaweza kuita mawimbi mchezo. Nilikuwa na chumba nimelipia Marsabit, bima, M-Pesa yenye salio, na lami ya kunirudisha Nairobi. Ondoa hivyo vitu vinne, raha yote inaondoka navyo.

Kuna mtu atasema, sasa tusipande hata mlima? Hapana. Anayepanda Batian anatafuta shida pia, lakini kule juu hakuna kijiji kinachosubiri ambulensi. Ugumu wa mlima hauli mtu ila aliyeufuata. Barabara mbovu ni kitu tofauti. Ina wenyewe. Ubovu wake si maumbile, ni uamuzi: kuna mtu mahali fulani, mwaka baada ya mwaka, aliamua lami iishie hapa. Kwenda kuufurahia ubovu huo si dhambi kubwa. Kuutamani ubaki, hapo ndipo kwenye neno.

Rudi sasa kwenye ile barabara ya Moyale. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman walipita huko na R1200GS Adventure, wakitoka Scotland kwenda Cape Town, na safari yao ikawa kipindi cha televisheni, Long Way Down. Mjomba alikuwa na DVD yake; ndiyo iliyomtia ugonjwa wa GS. Enzi hizo hizo malori ya mifugo yalikuwa yanapita pale pale, abiria wameketi kwenye vyuma juu ya ng'ombe, nyakati nyingine kwa msafara wenye askari kwa sababu ya majambazi. Kilomita kama 500 kutoka Isiolo. Wao hawakuwa na kamera, na nina hakika hakuna hata mmoja aliyelia lami ilipofika. Ukisema lami iliharibu barabara, umesema raha yangu ya siku mbili ilistahili taabu yao ya maisha. Hakuna anayeamini hivyo akiulizwa waziwazi. Yule bwana wa Nanyuki haamini. Mimi pia siamini. Ila nilicheka.

Nilicheka kwa wepesi kwa sababu nilikuwa na mazoezi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Kwa miaka minne nimekuwa nikisimulia hadithi hiyo kama adventure: niliona njia ya lami, nikakata kona kuingia msituni. Watu hupenda. Kwenye vikao vya waandishi kuna mtu hunipiga bega na kusema, "Wewe uko na roho." Chini ya makala zangu kulikuwa na mstari: *aliacha chuo kufuata ndoto yake*.

Kile nisichosimulia ni kwamba karo yangu ilikuwa imelipwa. Kwamba niliporudi Githurai, chumba changu kilikuwa vile vile, na mathe, hata kwa hasira zake, alikuwa ameacha chakula kwenye hotpot. Na kwamba mwenzangu wa chumba hosteli aliondoka muhula ule ule, kwa sababu ya baki ya karo ambayo kwao haikupatikana. Alikuwa mkali kuniliko. Tuliondoka kwa lango moja, tumebeba magodoro. Yeye alikwenda kubeba mawe ya ujenzi huko Kitengela. Hakuna mtu amewahi kumpiga bega na kumwambia ana roho. Kwake iliitwa shida, na kwangu, kwa kuwa nilikuwa na pa kurudi, iliitwa ujasiri.

Mwaka ulipoisha niliuza GS. Ningependa kusema ilikuwa uamuzi wa kimaadili, lakini pia ilipata mnunuzi haraka na bei nzuri, na miguu yangu ni mifupi. Nilibaki na FJR kwa sababu haidanganyi. Imeandikwa kotekote kwamba inahitaji watu: mtu aliyepima ardhi, aliyechemsha lami, aliyelipa ushuru. Haijifanyi inaweza peke yake.

Lakini hata hilo halinitoshi. FJR isingenifikisha njia ya Maikona. Ningeishi maisha yangu yote nikijua Kenya inaishia pale lami inapoishia, na mtoto yule angechemka bila mimi kujua yupo. Kwa hivyo siwezi kuwaambia wenye GS wazioshe na kuzificha. Nendeni. Mkianguka, mtainuliwa na watu wa huko. Mkirudi, msituletee tu picha ya vumbi kwenye buti. Tuambieni nani aliwainua, na alikuwa anaharakisha kwenda wapi.

Nilimtumia mjomba pesa. Akapiga simu, akauliza kama nilichagua kwa macho. Nikamwambia kidogo.

Kisha nikamwandikia mhariri wa gazeti hili, nikamwomba aufute ule mstari chini ya jina langu. Akauliza aweke nini badala yake.

Nikamwambia aweke kwamba ninaishi Nairobi.