Kupima Usikivu wa Mtoto Mchanga na Deni la Lugha

Usikivu wa mtoto mchanga hupimwa akiwa usingizini, mara nyingi siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Kifaa kidogo hutiwa sikioni, hutoa mlio, kisha hunasa mwangwi hafifu unaorudi kutoka sikio la ndani. Mwangwi huo ulielezwa mara ya kwanza na David Kemp wa London mwaka 1978. Usiposikika, mtoto hupimwa tena, kwani huenda ni majimaji ya uzazi tu yameziba tundu la sikio. Katika kila watoto 1,000, kati ya 1 na 3 hivi huwa na upungufu wa kudumu wa kusikia.

Mtoto anayepimwa hana homa wala maumivu. Kwa nini basi apekuliwe sikio? Wengi watajibu: ili atibiwe. Jibu hilo ni finyu. Kinachoharibika kwa kuchelewa ni lugha, na lugha haingoji. Ndiyo maana wataalamu hutaka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, hali yake ithibitishwe kabla ya miezi 3 na asaidiwe kabla ya miezi 6. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wengi wao wasiojua lugha ya alama hata kidogo. Nyumba inaweza kujaa upendo na mtoto akakua bila lugha.

Dini zililigusa jambo hili la uziwi na lugha mapema. Paulo, katika Waraka kwa Warumi, aliifungamanisha imani na kusikia, na Augustino, mwanateolojia wa Kikristo, akauona uziwi kuwa kizuizi cha imani. Talmudi, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, ilimweka kiziwi asiyesema kundi moja na mtoto mdogo na mwendawazimu. Fiqhi ya Kiislamu ilikuwa pana zaidi: ishara ya bubu inayoeleweka huhesabiwa kama kauli yake. Karne ya 16, mtawa Pedro Ponce de León aliwafundisha watoto viziwi wa makabaila wa Hispania kusoma na kuandika, na ikadhihirika kuwa akili haikupungua.

Na adhana anayosomewa mtoto wa Kiislamu sikioni, inamfaa nini kiziwi? Hata anayesikia haelewi neno lake. Husomewa kwa kuwa amepokelewa, na kiziwi amepokelewa vilevile.

Hospitali inayopima kisha ikamwachia mzazi karatasi ya majibu imetimiza nusu ya wajibu. Uziwi ukithibitishwa, familia ianze kufundishwa lugha ya alama papo hapo, hata kama kifaa cha kusaidia kusikia bado kinasubiriwa.