Wimbo uliogeuzwa fimbo

Agosti 1991 kundi la Kimarekani la Metallica lilitoa albamu yenye jina lao wenyewe. Ni muziki wa hevi meto, wa magitaa ya kunguruma na ngoma za kishindo. Wahakiki wengi waliisifu. Mashabiki wa zamani wakanung'unika kuwa kundi limelainika kwa kutafuta soko. Mwaka 1992 ikapata tuzo ya Grammy, na huko Marekani pekee zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 16.

Msomaji atauliza, Muislamu yanamhusu nini haya? Yanamhusu. Mei 2003 iliripotiwa kuwa askari wa Marekani nchini Iraq wakiwapigia mahabusu muziki wa kundi hilo kwa sauti ya juu, kwa muda mrefu, wasipate usingizi mpaka waseme. Wimbo uliotajwa sana, Enter Sandman, ndio unaofungua albamu ile, na unamzungumzia mtoto anayeogopa kulala!

Wala si Wairaqi tu. Mtanzania mmoja alikamatwa Mogadishu mwaka huohuo, akafungiwa katika jela ya siri ya CIA huko Afghanistan, gizani, muziki ukivuma usiku na mchana. Aliachiwa 2008 bila mashitaka. Mwaka 2015 yeye na wenzake waliwashitaki wanasaikolojia wawili waliobuni mateso hayo; kesi ikamalizwa kwa maelewano Agosti 2017.

Je, mwanamuziki ana lawama? Mhunzi aliyefua kisu hadaiwi damu ya aliyeuawa kwacho. Lakini akiletewa habari akacheka? James Hetfield, mwimbaji wa Metallica, alipoulizwa redioni mwaka 2004 alifanya mzaha, akasema kwa sehemu anaona fahari. Tom Morello, mpiga gitaa ambaye muziki wa kundi lake nao ulitumiwa hivyo, alilaani waziwazi. Wote wawili si Waislamu, na kazi zao ni za namna moja. Mimi siwezi kuwaweka katika mizani moja.

Baadhi yetu tutasema kosa ni muziki wenyewe, tumalize. Jambo haliishii hapo. Mtume (SAW) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti za juu msikitini, akafunua pazia, akawakataza kuudhiana kwa visomo vyao. Na ile ilikuwa Qur'an, tena mbele ya watu waliokuwa huru kuinuka na kuondoka.