Mgeni wa Usiku Mmoja

Wahenga walinena kuwa milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini binadamu huufuata mlima, na aghalabu huukuta una wenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali: yule anayelala mahali usiku mmoja kwa kustarehesha macho yake anadaiwa nini na wale walalao hapo maisha yao yote?

Na uchukuliwe mfano wa msafiri atokaye Misungwi. Anaondoka alfajiri, anayaacha majabali na mashamba ya pamba, anapita Usagara, Mwanza na Magu, ziwa likiwa upande wake wa kushoto, hadi lango la Ndabaka. Kutoka hapo ni Serengeti, kilomita za mraba 14,763 za nyasi na anga, mpaka gari lianze kuzipanda nyanda za juu za Ngorongoro. Magharibi inamkuta akisimamisha hema ukingoni mwa kreta yenye kina cha mita zipatazo 600. Ukungu unatanda, baridi inapenya mifupani, nyota zinakaribia kana kwamba zimeteremshwa kwa kamba. Moyo wake unajaa shukrani, wala hapana ubaya katika shukrani hiyo.

Asubuhi, njiani, anakutana na vijana wa Kimaasai wakichunga ng'ombe. Hao nao wana habari yao. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti; wafugaji wakaondoka Serengeti, na Ngorongoro ikawekwa iwe nchi ya wanyama na watu pamoja. Mwaka 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilieleza kuwa watu na mifugo wameongezeka kupita kiasi, na kwamba wanaohama wanahama kwa hiari. Wengi wa wenyeji walijibu kuwa hiari inayokuja baada ya huduma kupungua si hiari kamili. Basi mmoja alikunja hema lake akijua atalikunjua kwingine apendako. Mwingine alivunja boma asijue kama atarudi.

Wako watakaosema kuwa msafiri amelipa kiingilio, na mwenye kulipa hadaiwi. Hoja hii ina nguvu sokoni, ila nyumbani kwa watu haina. Mgeni aliyekirimiwa hawezi kuutupa mkononi mwa mwenyeji wake ujira wa chakula, kisha akahesabu kuwa wameachana salama. Wako pia watakaosema kuwa, maadamu raha yake imechanganyika na uchungu wa wengine, heri asiende kabisa. Nao hawakufika. Asiyekwenda haoni, na asiyeona hana la kushuhudia.

Mila za Waswahili zimekwisha kuliweka jambo hili mahali pake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa usiku mmoja huondoka kabla ya siku ya tatu, akalikwepa jembe. Deni lake, hata hivyo, humfuata nyumbani. Na jembe linalomstahiki ni kusema kweli juu ya alichokiona. Anayerudi na picha za kreta, mawingu na simba, akasimulia kuwa kule ni uzuri mtupu usio na mtu, amewaondoa wenyeji kwa ulimi wake kabla hawajaondolewa kwa gari. Uongo huo si mdogo, kwa kuwa ardhi inayosemwa kuwa tupu ni rahisi kupangiwa mambo bila ya kuulizwa mtu.

Mtu wa Misungwi ana sababu ya kulielewa hili kuliko wengine, kwani kwao ni njia ya wapitao. Kwa miaka mingi wasafiri wa Sengerema na Geita walikwama Kigongo wakingoja kivuko cha kuwafikisha Busisi. Katika kungoja huko walinunua chakula, wakasikia lafudhi ya Kisukuma, wakajua kuwa hapo pana watu. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita tatu, na sasa maji yale huvukwa kwa dakika chache. Hapana mwenye akili atakayetamani kivuko kirudi, hasa akikumbuka wagonjwa waliokesha ukingoni. Lakini dakika zilizookolewa zina upande wa pili: aliyekuwa mwenyeji mwenye jina sasa ni kivuli kinachopita kiooni mwa gari.

Anayejua uchungu wa kupitwa hana udhuru wa kuwapita wengine. Msafiri huyo atakaporudi kwao, majirani wakamwuliza mlima ulikuwaje, na auanze mlima kwa watu wake: walimsalimu vipi, ng'ombe wao walikunywa wapi, na nani kati ya jirani zao ameshahama. Ukungu na nyota vitafuata baadaye.