HABASODA NA DAWA YA HOSPITALI

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu. Mwili ni amana yake, na tutaulizwa tuliutumia namna gani.

Kuna magonjwa ambayo askari wa mwili, wanaopigana na vidudu, wanageuka na kuupiga mwili wenyewe. Lupusi ni mojawapo, na ile baridi yabisi inayovimbisha na kupinda vidole. Mgonjwa hupewa prednizoni au dawa nyingine ya kuwatuliza askari hao. Kisha jirani anamwambia: «Mtume amesema habasoda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Acha vidonge!»

Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini Mtume hakusema tuache dawa nyingine. Na katika Bukhari hiyo hiyo, Ibn Abi Atiq alipomwelekeza mgonjwa habasoda, alitaja mbegu 5 au 7, zisagwe, zitiwe puani pamoja na mafuta. Basi dawa ina kipimo na njia yake. Ibn Hajar naye alieleza kwamba habasoda haitumiki peke yake kwa kila ugonjwa.

Jihadharini na mambo matatu:

1. Prednizoni haikatwi ghafula. Aliyeimeza wiki nyingi akiiacha siku moja, anaweza kuanguka hata kufa. Mganga ndiye huipunguza kidogo kidogo.

2. Dawa za «kuongeza kinga» zaweza kuwaamsha askari wale wale. Mbegu za alfalfa zimejulikana kuamsha lupusi.

3. Unga usiojulikana. Katika nchi mbalimbali, dawa za miti za maumivu ya viungo zimekutwa zimetiwa deksametazoni kwa siri. Mgonjwa anapata nafuu upesi, kisha uso unavimba, sukari na tansio vinapanda.

Wewe unayeuza chupa mlangoni mwa msikiti, kumbuka: Mtume alifundisha kwamba anayetibu bila kujua utabibu anabeba dhamana ya madhara (Abu Daud).

Na wewe mgonjwa, asali na habasoda kidogo katika chakula ni neema. Lakini chupa unayokunywa, mpelekee mganga aione, usimfiche. Kuuliza mwenye elimu hakupunguzi tawakkul.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, utupe subira na elimu yenye manufaa. Amina.

(Usisome karatasi hii imamu akiwa mimbarini. Usiitupe ovyo.)