Gari Dogo, Gari Bovu

Mwaka 1974 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally kwa Mitsubishi Lancer, kigari cha cc 1600. Björn Waldegård, na Porsche 911 yake, akawa wa pili. Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule, na kwenye tope gari lenye nguvu likikanyagwa ovyo linajichimbia lenyewe.

Hapo sina ubishi. Ila hapa Korogwe matajiri wa mabasi ya Handeni nao wana lao: "Dereva mkali hachagui gari." Wapi! Joginder alikuwa fundi makanika. Gari lake lilikuwa dogo, siyo bovu. Sasa msomaji, unapompigia makofi dereva aliyetufikisha kwa matairi vipara, unamsifu yeye, au unamtetea tajiri?