Kupanda na Kupandishwa: Swala la Ustahiki wa Sifa katika Upandaji Milima

Sarufi ya Kiswahili ina njia ya mkato ya kuliuliza swali ambalo limewashughulisha wapanda milima kwa zaidi ya karne moja. Kitenzi 'panda' kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha hutoa 'pandisha', na katika kauli ya kutendeshwa hutoa 'pandishwa'. Mtu aliyefika kileleni akiwa ametanguliwa na mwongozaji aijuaye njia, akafuatwa na wapagazi waliobeba hema na chakula chake, na akashika kamba iliyokazwa na mikono ya wengine, je, amepanda au amepandishwa? Wapo washikiliao kwamba amepandishwa tu, na kwa hivyo hastahili kuitwa mpanda milima halisi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba dai hilo lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo umewekwa mahali pasipo pake. Dosari, inapokuwapo, haizaliwi na kule kuongozwa. Huzaliwa na masimulizi yanayofuata.

Kwanza, yafaa ifahamike kwamba dhana ya kuwa mpanda milima halisi ni yule asiye na mwongozaji haikuwako tangu awali. Wenyeji wa Chamonix, huko Ufaransa, walianzisha chama chao cha waongozaji mwaka 1821, yaani miaka 36 kabla ya Alpine Club kuundwa London mwaka 1857. Mabwana wa Kiingereza walioupa mchezo huo hadhi yake katika karne ya 19 walipanda wakiongozwa na wakulima na wawindaji wa mabonde ya Alps, na wengi wao walihesabu kwamba kupanda bila mwongozaji ni utovu wa busara. Edward Whymper, ambaye jina lake limefungamana na mlima Matterhorn, alifika kileleni Julai 14, 1865 akiwa na waongozaji watatu: Michel Croz, na Peter Taugwalder baba na mwana. Croz alikufa pamoja na wengine watatu wakati wa kushuka. Whymper hajavuliwa sifa yake kwa sababu ya kuongozwa. Basi kigezo cha kutoongozwa kilizuka baadaye, na kigezo chenye tarehe ya kuzaliwa hakiwezi kutumiwa kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Mlima Kenya unatoa mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa makala haya. Kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kilifikiwa kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zilizoandikwa Septemba 13, 1899. Vitabu aghalabu husema kwamba Halford Mackinder, mtaalamu wa jiografia wa Oxford, ndiye aliyekipanda. Lakini Mackinder alikuwa na waongozaji wawili kutoka Courmayeur, Italia: César Ollier na Joseph Brocherel. Barafu waliyoikuta karibu na kilele ilikuwa ngumu kiasi cha kupewa jina la almasi, na ilibidi ichongwe ngazi kwa shoka, hatua baada ya hatua. Ikapita miaka 30 kabla ya kilele hicho kufikiwa tena, mwaka 1929, safari hii na Eric Shipton na Wyn Harris, ambao hawakuwa na mwongozaji. Ikiwa kuongozwa kunamwondolea mtu jina la mpanda milima, basi historia ya Batian inapaswa kuanzia mwaka 1929. Hakuna aliye tayari kusema hivyo. Na ikiwa Mackinder anabaki na jina lake, ni kwa hoja gani mtalii wa leo ananyimwa lake?

Hata hivyo, upinzani una hoja moja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Inadaiwa kwamba kiini cha upandaji milima si nguvu za miguu bali ni uamuzi: kuisoma hali ya hewa, kuchagua njia, na zaidi ya yote, kujua wakati wa kugeuka. Anayeongozwa amemkabidhi mwingine uamuzi huo, na pengine ameununua kwa fedha. Msiba wa Everest wa Mei 10 na 11, 1996 hutajwa kuwa ushahidi. Wateja wa makundi mawili ya kibiashara, la Rob Hall na la Scott Fischer, walichelewa kileleni hadi dhoruba ikawakuta njiani. Viongozi hao wawili walikufa, na jumla ya waliopoteza maisha mlimani katika msiba huo ilikuwa 8. Hoja ni kwamba mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe ni mzigo, na mzigo haupandi.

Hoja hiyo inabainisha tofauti iliyopo, lakini inaharakisha hukumu. Katika kupanda mlima mna mambo matatu yanayopaswa kutenganishwa: juhudi ya mwili, maarifa ya njia, na uamuzi. Juhudi ya mwili haiazimwi. Hewa ikipungua, hakuna mwongozaji awezaye kumpumulia mteja wake. Maarifa ya njia huazimwa, na ni haki yaazimwe, kwa kuwa hata mwongozaji aliyapata kwa waliomtangulia. Uamuzi nao hugawanywa: mwongozaji huamua mengi, lakini anayeongozwa hubaki na uamuzi wa kusema kwamba amefika mwisho wa uwezo wake, na asipousema huhatarisha maisha yasiyo yake peke yake. Msiba wa 1996 unathibitisha jambo hili, maana waliokufa hawakuwa wateja tu.

Mfano wa kitaaluma unaweza kulifafanua zaidi swala hili. Mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu chini ya msimamizi anayemwonyesha vitabu, anayemzuia asipotee, na mara nyingine anayemwambia arudi alikotoka. Tasnifu ikipita, shahada ni ya mwanafunzi, na hapana anayesema kwamba ameandikiwa. Lakini tasnifu hiyo ina ukurasa wa shukrani, na mwanafunzi anayeuacha mtupu, au anayeyadai mawazo ya msimamizi kuwa yake, amefanya kosa linalojulikana. Kosa hilo halikutokana na kusimamiwa. Ndivyo ilivyo kwa aliyeongozwa mlimani: amepanda kweli, ila hawezi kudai kwamba aliigundua njia.

Hapa ndipo swali la maadili linapogeuka kuwa swali la usimulizi, na kuingia katika uwanja wa mhakiki wa fasihi. Nani anakuwa kiima cha sentensi? Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipokifikia kilele cha Kibo, Mwini Amani wa Pangani alikuwa amebaki kwenye kambi yao ya juu, katika baridi ambayo pwani haikumzoesha. Jina lake limehifadhiwa, lakini kama tanbihi ya sentensi ya watu wengine. Mei 29, 1953, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipokanyaga kilele cha Everest, ulimwengu ulitaka kujua nani alitangulia, kana kwamba kamba iliyowafunga pamoja haikuwa na maana. Tenzing, katika tawasifu yake ya mwaka 1955, alikiri kwamba Hillary alitangulia kwa hatua chache. Hillary alipewa cheo cha 'Sir'. Tenzing akapewa Nishani ya George. Kinyume chake ni Selim bin Abakari, Mngazija aliyesafiri hadi Urusi na Siberia akimtumikia Mjerumani Theodor Bumiller. Katika 'Safari za Wasuaheli' iliyochapishwa mwaka 1901, mtumishi huyo ndiye msimulizi, na safari hiyo tunaijua kwa macho yake. Aliyepewa usimulizi ndiye aliyepewa safari.

Fauka ya hayo, inashangaza kwamba uhalisi unaohojiwa daima ni wa mteja, ilhali mwongozaji haulizwi kama naye ni mpanda milima; huhesabiwa kuwa sehemu ya mlima. Januari 16, 2021, Wanepali 10 walipokuwa wa kwanza kufika kilele cha K2 katika majira ya baridi, walisubiriana karibu na kilele ili wakifikie pamoja. Watu wa jamii ambazo kwa miongo mingi zilibeba mizigo ya wengine walijitungia sentensi yao wenyewe, nayo ilikuwa katika wingi.

Katika Kilimanjaro ya leo, sheria za hifadhi humtaka kila mgeni aandamane na mwongozaji mwenye leseni, na nyuma yao huja wapagazi, ambao huko huitwa wagumu. Kumkana kila aliyeongozwa ni kusema kwamba mlima huo haupandwi kihalali na mgeni yeyote. Na Mei 2024, Mkenya Cheruiyot Kirui alijaribu kuupanda Everest bila mitungi ya oksijeni, namna ambayo wapanda milima huihesabu kuwa safi kuliko zote. Hata hivyo hakuwa peke yake. Nawang Sherpa aliandamana naye, na wote wawili walipoteza maisha. Mizani ya uhalisi inayompima mmoja na kumsahau mwenziwe katika mauti kama hayo ni mizani mbovu.

Kwa hivyo, mpanda milima aliyeongozwa anastahili jina la mpanda milima, kwa masharti mawili: kwamba alitumia nguvu zake na kuubeba uamuzi uliokuwa wake, na kwamba anaposimulia hamfichi aliyemwongoza. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa isiyogawanywa humharibu anayeipokea. Kiswahili, kilichouliza swali hili kwa 'panda' na 'pandishwa', kina pia kiambishi cha kulijibu. Anayesema 'nilipanda' huku akijua kwamba walikuwa watatu amesema nusu ya kweli. Akisema 'tulipanda', hana la kuhojiwa.